Nani Mwenye Usiku wa Kaifeng?

Usiku wa Ijumaa, tarehe 8 Novemba 2024, barabara kuu iitwayo Zhengkai, katika mkoa wa Henan ulio katikati ya Uchina, ilifurika baiskeli hata ikawa haipitiki. Makumi ya maelfu ya wanafunzi wa vyuo (taarifa nyingine zilitaja laki moja, nyingine laki mbili) walikuwa wametoka katika jiji la Zhengzhou, ambalo ndilo makao makuu ya mkoa huo, wakielekea mashariki katika mji wa Kaifeng, mwendo wa kilomita 50 na ushei. Walipanda zile baiskeli za kukodisha ambazo mtu huzifungua kufuli kwa simu ya mkononi. Wengine walipeperusha bendera ya taifa na kuimba wimbo wa taifa njiani. Hawakuwa na dai lolote, wala bango la kumlaumu yeyote. Walikuwa wanakwenda kula.

Chakula chenyewe ni madonge ya unga yaliyotiwa nyama na mchuzi ndani yakapikwa kwa mvuke, ambayo Kaifeng inasifika kwayo. Mnamo Juni mwaka uo huo wasichana wanne wa chuo walikuwa wamefunga safari hiyo usiku kwa kuyatamani tu, wakaisimulia safari yao mitandaoni, na wenzao wakawaiga. Kwa miezi kadhaa wakuu wa Kaifeng waliona ni baraka iliyodondoka kutoka mbinguni. Wageni walikaribishwa, baadhi ya bustani za watalii zikawafungulia wanafunzi milango bila kiingilio, na gazeti la chama tawala, Renmin Ribao, likausifu moyo wa ujana. Kisha, kati ya Ijumaa na Jumamosi, wimbo ukabadilika. Polisi wakatangaza kwamba njia ya baiskeli katika barabara ya Zhengkai imefungwa. Kampuni za baiskeli zikaonya kwamba chombo kitakachovuka mpaka wa Zhengzhou kitajifunga kufuli chenyewe. Baadhi ya vyuo vikaanza kuwazuia wanafunzi wasitoke malangoni.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza darasani: Mwalimu, kosa la watu hawa lilikuwa nini hasa? Nilimjibu kwamba swali lake ni fupi lakini jibu lake lina umri wa zaidi ya miaka elfu moja, na kwa kuwa sisi ni watu wa isimu, hatuna budi kuanzia kwenye maneno.

Neno la Kichina lenye maana ya jiji ni "chengshi". Silabi ya kwanza, "cheng", asili yake ni ukuta wa kuuzingira mji. Ya pili, "shi", ni soko. Kwa hiyo kila Mchina atamkapo neno "jiji" hutaja, pengine bila kufikiri, ukuta na soko kwa pumzi moja. Soko la usiku nalo huitwa "yeshi", ambamo "ye" ni usiku. Fauka ya hayo, kuna maneno mawili ambayo asiyeyafahamu hawezi kuelewa starehe za jioni katika miji ya huko. La kwanza ni "renao", ambalo ukilichambua sehemu kwa sehemu ni joto na kelele, na ni neno la sifa. Sherehe isiyo na renao, yaani isiyo na shamrashamra na msongamano, ni sherehe iliyododa. La pili ni "luan", yaani vurugu, mambo yaliyopoteza mpango, na hili ni neno la kulaaniwa katika Kichina cha mtawala na cha raia vilevile. Watu laki moja barabarani ni renao au ni luan? Kamusi haina jibu, kwa sababu mpaka kati ya maneno haya mawili hauwekwi na maana zake. Huwekwa na mwenye mamlaka ya kuamua, naye anaweza kuusogeza kati ya Ijumaa na Jumamosi.

Tuanze basi na ukuta. Katika enzi ya ukoo wa Tang, uliotawala tangu mwaka 618 hadi 907, mji mkuu Chang'an uligawanywa katika mitaa 108, kila mmoja na ukuta wake na milango yake. Biashara iliruhusiwa katika masoko mawili makuu, la mashariki na la magharibi. Adhuhuri ngoma zilipigwa mara 300, masoko yakafunguliwa. Kabla ya jua kuchwa kengele za shaba zikagongwa mara 300, yakafungwa. Jioni ngoma zililia tena, milango ya mitaa ikakomewa, na aliyepatikana njiani bila ruhusa alicharazwa viboko 20. Jina la kosa hilo linastahili kutajwa: "fan ye", yaani kuukosea usiku. Tazama lugha inavyofanya kazi. Mtu hakushtakiwa kwa kumkosea mfalme wala jirani, bali kwa kuukosea usiku wenyewe, kana kwamba usiku ni mzee mwenye heshima zake asiyefaa kusumbuliwa. Msomaji aliyekuwa Kenya kati ya Machi 2020 na Oktoba 2021 hana haja ya kueleweshwa maana ya kafyu. Anazikumbuka mbio za jioni kuelekea stendi za matatu, na anawakumbuka akina mama wa mahindi ya kuchoma waliozima makaa yao saa ile ile ambayo wateja walikuwa wanaanza kutoka kazini.

Hata Tang wenyewe walilegeza kamba kwa nyakati chache. Wakati wa sikukuu ya taa, inayoangukia siku ya 15 ya mwezi wa kwanza katika kalenda ya Kichina, amri iliondolewa kwa usiku tatu, na watu wote, wake kwa waume, wakamiminika njiani kuangalia taa. Mtu anaweza kusema kwamba sikukuu hiyo ilipendwa mno kwa sababu ya taa. Mimi naona ilipendwa zaidi kwa sababu ya miguu: zilikuwa siku chache katika mwaka ambapo mtu aliweza kutembea gizani bila kuwa mkosaji.

Hapo ndipo Kaifeng inapoingia. Ukoo wa Song uliposhika utawala mwaka 960, uliufanya mji huo, ulio karibu na Mto Manjano na mifereji ya kusafirishia nafaka, kuwa makao yake. Mnamo mwaka 965 mfalme wa kwanza wa ukoo huo aliamuru kwamba masoko ya usiku katika mji mkuu yasizuiwe hadi ngoma ya tatu, yaani mnamo usiku wa manane. Yapo maandishi yanayoisifu amri hiyo kana kwamba mfalme ndiye aliyewatunuku watu usiku. Sikubaliani nayo. Katika miongo ya mwisho ya Tang wauzaji walikwisha kuanza kuwasha taa zao nje ya saa halali, na kuta za mitaa zilikwisha kutobolewa na wenye maduka. Sheria ilifuata nyayo za miguu iliyokwisha kupita.

Yaliyotokea baada ya hapo yamehifadhiwa na mtu mmoja aliyeitwa Meng Yuanlao. Aliishi Kaifeng tangu mwaka 1103, akaukimbia mji huo ulipotekwa na majeshi ya Wajurchen kutoka kaskazini mwaka 1127, na uzeeni, mwaka 1147, akiwa mkimbizi huko kusini, akaandika dibaji ya kitabu cha kumbukumbu zake, "Dongjing Meng Hua Lu". Ni kitabu cha ajabu, kwani takribani hakina siasa. Kimejaa vyakula, maduka, madaraja, na saa ambazo kila kitu kilifunguliwa na kufungwa. Anaeleza masoko yaliyofungwa zamu ya tatu ya usiku na kufunguliwa tena zamu ya tano, kabla ya mapambazuko, na mahali pengine palipochangamka usiku kucha. Anataja majumba ya burudani yenye wasimuliaji wa hadithi, wachezesha vikaragosi na wanasarakasi, makubwa yake yakimeza watazamaji elfu kadhaa kwa mara moja. Mwandishi mwingine wa wakati huo, Cai Tao, anadai kwamba mtaa mmoja wa soko la usiku haukuwa na mbu hata kidogo, kwa kuwa mbu huchukia mafuta, na taa za mafuta ziliwaka pale hadi usiku mkubwa. Watu wa Kisumu na Mombasa watajiamulia wenyewe kama hoja hiyo ina mashiko.

Tusidhani kwamba haya yalitendeka katika ulimwengu usiotuhusu. Huko Kajengwa, kusini mwa Unguja, mwaka 1945 yalifukuliwa mafungu ya sarafu za Kichina, nyingi zikiwa za ukoo wa Song. Fedha ya aina ile ile iliyobadilishana mikono chini ya taa za Kaifeng ilifika, kwa mikono mingi na majahazi mengi, hadi pwani yetu.

Baada ya mwaka 1127 Kaifeng haikuurudia utukufu wake. Mwaka 1642, katika vita vya kuzingirwa, kingo za Mto Manjano zilibomolewa na maji yakaua sehemu kubwa ya wakazi. Mafuriko yamerudi mara nyingi, kila mara yakiacha tabaka la matope, hivi kwamba mji wa enzi ya Song umelala mita kadhaa chini ya mji wa leo. Hata hadhi ya kuwa makao makuu ya mkoa ilihamishiwa Zhengzhou mwaka 1954, kwenye njia panda ya reli. Tangu hapo Kaifeng imekuwa mji wa kawaida wa mkoani, wenye kipato cha wastani na kumbukumbu kubwa kuliko mfuko wake.

Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyogeuzwa bidhaa. Mwaka 1983 mji ulianzisha tamasha la maua ya krisanthemu, ambalo hufanyika kila mwaka msimu wa vuli. Mwaka 1998 ilifunguliwa bustani kubwa iliyojengwa kwa kuiga mchoro mashuhuri wa Zhang Zeduan wa karne ya 12 unaoonyesha maisha ya kando ya mto. (Inachekesha kidogo kwamba mchoro huo ni wa mchana, ilhali bustani huchuma sehemu ya mapato yake usiku, kwa tamthilia ya majini iliyopewa jina kutokana na kitabu cha yule mkimbizi Meng Yuanlao.) Kuna pia bustani ya Wansuishan, ambako waigizaji hupigana kwa mapanga mbele ya umati. Mwezi Machi 2024 mwigizaji mmoja wa hapo, katika uhusika wa Wang Po, alianza kuwaita vijana wa kiume na wa kike jukwaani ili wajieleze na kutafuta wachumba. Katika riwaya ya kale ya "Shuihu Zhuan", Wang Po ni kizee muuza chai anayewakutanisha mke wa mtu na hawara kwa ujira, na mambo yakaishia katika mauaji. Kizee huyo sasa amekuwa kungwi wa taifa zima! Maelfu ya watu walisafiri kutoka mikoa mingine ili kupanda jukwaa lake.

Hata hivyo, kwangu mimi moyo wa Kaifeng hauko katika bustani za kulipia. Uko Gulou, kwenye soko la usiku. Gulou maana yake ni mnara wa ngoma. Ni minara ya aina hii ambayo katika miji ya Uchina ilihesabu zamu za usiku kwa ngoma, na leo jina lake ndilo anwani ya soko. Huko huuzwa madonge yale ya mchuzi, uji mtamu wa lozi, wanga ulioganda na kukaangwa, na nyama ya kondoo iliyotungwa vijitini na kuchomwa, ambayo mtu wa Mombasa angeiita mishkaki bila kusita. Alama ya Kichina yenye maana ya kutunga vitu namna hiyo, "chuan", imechorwa kama vipande viwili vilivyopitishwa kijiti katikati, na wenye mabanda huiwasha kwa taa nyekundu juu ya majiko yao. Hata asiyejua kusoma anaisoma. Wengi wa wauzaji ni Wahui, yaani Waislamu wa Kichina, ambao jamii yao ina misikiti mikongwe mjini humo, na kofia nyeupe na maandishi ya Kiarabu ya kuthibitisha kuwa chakula ni halali ni mambo ya kawaida kabisa sokoni.

Wachina wana neno la kuelezea hali ya mahali kama hapo: "yanhuo", moshi na moto. Zamani lilikuwa neno la washairi na la watawa waliotaka kuukimbia ulimwengu. Siku hizi ni neno la serikali. Mwezi Agosti 2019 baraza la mawaziri la Uchina lilitoa hatua 20 za kuchochea matumizi ya wananchi, mojawapo ikiwa kukuza biashara ya usiku. Mnamo Juni mosi 2020, uchumi ukiwa umepigwa na janga la korona, Waziri Mkuu Li Keqiang alitembelea mji wa Yantai na kuwasifu wachuuzi wa barabarani kuwa ni moshi na moto wa dunia ya watu. Siku chache tu baadaye gazeti moja la Beijing likaandika kwamba uchuuzi wa aina hiyo haufai katika jiji kama lile. Majira ya kuchipua ya mwaka 2023 zamu ikawa ya Zibo, mji wa viwanda mkoani Shandong, ambako vijana walimiminika kula nyama choma hadi treni maalumu zikatengwa. Tangu hapo kila meya wa mji wa mkoani anaota kuwa Zibo ijayo.

Sababu za kiuchumi zi wazi. Soko la nyumba, lililokuwa chemchemi ya mapato ya miji mingi, lilianza kuporomoka mwaka 2021. Juni 2023 kiwango cha ukosefu wa kazi miongoni mwa vijana wa mijini wenye umri wa miaka 16 hadi 24 kilifikia asilimia 21.3, kisha serikali ikasitisha kwa muda kuitangaza takwimu hiyo, na ilipoirejesha Januari 2024 ilikuwa imewaondoa wanafunzi katika hesabu. Mji usioweza kuuza viwanja huuza jioni. Na kijana asiye na uhakika wa kazi, asiye na uwezo wa kununua nyumba, anaweza walau kununua kijiti cha nyama na kupiga picha akikila.

Lakini wale waendesha baiskeli walikuwa wanunuzi wabovu. Walikuja na pesa kidogo, wakala sahani moja, wengine wakalala palipopatikana, na kulipopambazuka wakatafuta njia ya kurudi, wakiacha baiskeli zimerundikana mjini mithili ya kuni. Kaulimbiu yao ilikuwa "ujana hauna bei". Sijui kama waliipima uzito wake, kwa sababu uchumi mzima wa usiku umesimama juu ya dhana kwamba ujana una bei, na kwamba bei hiyo inalipwa langoni.

Haki itendeke kwa polisi wa Henan. Umati una hatari zake. Mkesha wa mwaka mpya wa 2015 watu 36 walikanyagwa wakafa katika ukingo wa mto jijini Shanghai, na mwaka 2022 katika mtaa wa Itaewon, Seoul, walikufa 159. Barabara iliyojaa watu waliochoka, gizani, kando ya malori, si mahali pa kuchezewa. Laiti ningekuwa mzazi wa mmoja wao nisingelala usiku huo. Aliyefunga njia ya baiskeli alikuwa na hoja.

Hoja hiyo, hata hivyo, haielezi malango ya vyuo. Ikiwa tatizo ni msongamano, dawa yake ni kupanga zamu, kutenga njia na kuongeza mabasi. Kumfungia mwanafunzi ndani ya chuo ni dawa ya ugonjwa mwingine. Itakumbukwa kwamba mwishoni mwa Novemba 2022 wanafunzi katika miji mbalimbali ya Uchina walisimama usiku wakiwa wameshika karatasi nyeupe zisizo na neno lolote, kulalamikia masharti ya korona. Na mwezi Oktoba 2024, wiki mbili tu kabla ya mkasa wa Zhengkai, polisi wa Shanghai walikuwa wakiwaondoa mitaani vijana waliovalia mavazi ya kuchekesha ya sikukuu ya Halloween. Kinachotisha katika matukio haya matatu hakikuwa ujumbe. Karatasi hazikuwa na maandishi, mavazi yalikuwa ya mchezo, na waendesha baiskeli waliimba wimbo wa taifa. Kinachotisha ni kwamba hakuna aliyewaita. Msemo uliotumika kwao, "jeshi la wapanda baiskeli usiku", ulibuniwa kwa mzaha. Ila jeshi lisilo na jemadari ni jambo ambalo dola la Kichina, tangu enzi za kuta 108, halikulichukulia kuwa mzaha.

Linganisha na jukwaa la Wang Po. Pale pana ukuta, lango, tikiti, mwenye kipaza sauti, na saa ya kumaliza. Vijana wanaweza kusema mambo ya faragha kabisa mbele ya maelfu, na ikaitwa renao. Barabara ya Zhengkai haikuwa na lango wala mwenye kipaza sauti. Nilimwambia yule mwanafunzi wangu kwamba, kwa kadiri nionavyo, kosa la wenzake wa Zhengzhou lina jina tayari na halihitaji kutungiwa jipya. Waliukosea usiku.

Akaniuliza swali jingine, ambalo sikulitarajia: je, soko lenyewe lilifungwa? La. Amri ya tarehe 9 ilihusu njia ya baiskeli. Majiko ya Gulou hayakuguswa, na aliyefika kwa treni, tikiti mkononi, alihudumiwa kama kawaida.